Wessel Hoogland na Fundo la Kamba

Ndugu waombolezaji, marehemu Wessel Hoogland alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 mjini Zaandam, mtoto wa kwanza wa mzee Klaas, mfanyakazi wa kiwanda cha kakao, na mama Grietje, akafuatiwa na mdogo wake wa pekee, Harm, ambaye ndiye anayewasomea historia hii.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Zaandam kuanzia 1947 hadi 1953, kisha akajifunza useremala, ingawa moyo wake ulikuwa umeshatekwa na besi, ile fidla ndefu kuliko mtu, na mwaka 1961 akahamia Amsterdam kupiga jazi katika bendi ya watu watano. Tarehe 9 Mei 1968 alifunga ndoa na Tineke, wakajaliwa binti, Marijke, wakaishi ghorofa ya nne, na kwa kuwa ngazi zilikuwa nyembamba, besi ilipitishwa dirishani kwa kamba na ndoano ya juu ya nyumba, kama tupitishavyo makabati yetu, Wessel akifunga fundo juu, Harm akipokea chini.

Tarehe 21 Novemba 1974, siku ambayo bendi ilikuwa iende kurekodi redioni, Wessel aliamka na homa, Harm akafunga fundo yeye, harakaharaka, na besi ikaanguka barabarani ikawa kuni. Wenzake walipouliza, Wessel alisema fundo alilifunga mwenyewe, wakamwita mzembe, wakatafuta mpiga besi mwingine, naye akarudi kwenye useremala hadi alipostaafu mwaka 2006. Harm alinyamaza, na aibu hiyo haijamtoka.

Tarehe 3 Machi 2016 marehemu alipata kiharusi. Kila Jumapili saa nne asubuhi Harm alikuja kunywa naye kahawa, na kila alipoanza kusema kwamba atawaeleza wanabendi ukweli, jibu lilikuwa lile lile: “Kahawa yako inapoa, bwana mdogo. Kunywa.” Alifariki hospitalini tarehe 11 Januari 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa Marijke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta supu ya njegere majira yote ya baridi, na ninyi wanabendi wawili mliobaki, ambao mnapaswa kusikia leo kwamba Wessel hakuwa mzembe, fundo lile lilikuwa la Harm.

Sanduku litashushwa kwa kamba, na Harm ameomba kushika moja. Pumzika kwa amani, kaka, safari hii tutakushusha polepole.