Obdulia Prieto na Jiwe la Saba

Baada ya miaka thelathini na tisa na miezi tisa ya utumishi, Shangazi Obdulia Prieto Canseco, mlinzi wa mipaka, maji na malisho wa kijiji chetu cha Valdecorva, anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Novemba 2025. Halmashauri iliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuweka kwenye ratiba ya sherehe. Nimeandika zaidi. Meya akikerwa na mistari inayomhusu, airuke, ingawa atakuwa na kazi kubwa ya kuruka.

Shangazi Obdulia alizaliwa hapa hapa mwaka 1960, nyumba ya tatu kutoka kanisani, wakati Valdecorva ilikuwa na kaya mia moja na kumi na shule yenye walimu wawili. Leo tuko kaya ishirini na tatu wakati wa baridi, na shule imekuwa ghala la chumvi ya kumwaga barabarani theluji ikianza. Alipoomba kazi ya ulinzi mwaka 1986, wazee wa baraza walicheka mpaka wakatoa machozi. Mwanamke mlimani! Mmoja alimwambia arudi nyumbani kuangalia sufuria. Hao wazee wenyewe walikuwa hawajapanda mlima tangu walipopata televisheni. Akapewa kazi kwa sababu moja tu: hakuna mwanamume aliyeitaka.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga kengele ya baraza, kugawa zamu za maji ya bustani, kupima theluji, kuwakamata ng'ombe wanaokula majani ya watu, na kuyakagua mawe kumi na moja yanayotutenganisha na jirani zetu wa Torrelina. Aliifanya bila kupendelea mtu. Mwaka wake wa pili aliwakamata mbuzi wa dada yake mwenyewe, akawafungia kwenye zizi la kijiji siku mbili, akawakamua, na maziwa akapeleka shuleni. Dada yake hakumsemesha mpaka Krismasi. Shangazi alisema hajawahi kuwa na Novemba tulivu kama ile.

Watu wa mjini wanaokuja hapa na kamera hupenda kuuliza historia ya kijiji. Mmoja aliandika kabisa. Dakta Fermín Ansúrez alikuja mwaka 1993, akala sahani mbili za supu ya kitunguu saumu kwa mama yake Obdulia, akaangalia mlima kupitia dirisha la gari kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha, kisha akachapisha kijitabu kuhusu historia na jiografia ya bonde letu. Humo tunasoma kwamba Valdecorva ilianzishwa na wachungaji waliofukuzwa Torrelina, na kwamba chemchemi yetu, ambayo haijakauka hata kiangazi kimoja, ni kijimaji cha msimu. Shangazi alikisoma mara moja, akakitundika chooni kwa msumari. Kurasa zimebaki chache.

Tungeendelea kukicheka kijitabu hicho kama si hoteli. Torrelina, kama mjuavyo, wamejenga hoteli ya watu wanaoteleza kwenye theluji, halafu theluji ikaanza kugoma. Sasa wamenunua mashine za kuitengeneza, na mashine hizo zinakunywa maji kuliko ng'ombe wote wa bonde hili. Mwezi Mei ilikuja barua. Walikuwa wanadai kwamba chemchemi iko upande wao, na wakaambatanisha kijitabu cha Dakta Ansúrez kama ushahidi. Ile chemchemi ndiyo inayojaza bomba la kila nyumba hapa. Ndiyo ninayoogeshea wanangu. Ikienda, sisi nasi tunaenda, na Dakta ataweza kuandika sura ya mwisho akiwa amekaa kwake.

Udhaifu wetu ulikuwa jiwe la saba. Mawe mengine kumi yapo, kila moja na msalaba wake. La saba ndilo linaloufanya mpaka upinde na kuizunguka chemchemi. Bila hilo, mstari unanyooka kutoka la sita hadi la nane, na chemchemi inabaki nje. Na jiwe la saba halipo tangu mwaka 1971. Aliling'oa mwenyekiti wa kijiji wa wakati huo, marehemu Evelio Llamazares, akaliburuta kwa ng'ombe wawili mpaka kwake, akalifanya kizingiti, kwa sababu lilikuwa bapa na yeye alikuwa na mlango mpya. Hakuwaibia Torrelina. Alikiibia kijiji chake, kisha akafa bila kusema alichimbua wapi. Mjukuu wake, Ulpiano, ndiye meya wetu leo, na kila asubuhi alikuwa akijipangusa viatu juu ya mpaka wetu akienda ofisini kuutetea.

Lakini wazee wa kale walikuwa na akili kuliko Evelio. Chini ya kila jiwe walizika kigae cha paa kilichovunjwa vipande vitatu. Wanaviita mashahidi. Mtu anaweza kuhamisha jiwe, lakini hajui vipande vilipo, na vikipatikana vikiungana sawasawa, hakuna mpima ardhi anayeweza kubisha. Na ili mahali pasisahaulike, kila miaka kumi watoto wa vijiji vyote viwili hupandishwa mlimani kuzunguka mpaka, na kwenye kila jiwe mtoto huvutwa sikio, lile lililo upande wa jiwe, mpaka alie. Halafu anapewa lozi. Njia ya kikatili kidogo, lakini inashika kuliko kijitabu.

Matembezi ya mwisho kabla jiwe halijaibwa yalikuwa mwaka 1968, na Obdulia, mwenye miaka minane, alivutwa sikio kwenye jiwe la saba. Baada ya hapo Torrelina wakaacha kuja, eti wana shughuli. Alipokuwa mlinzi, Shangazi alianza kutupandisha sisi wenyewe: 1988, 1998, 2008, 2018. Hatukuwa na jiwe la saba, tulikuwa na kumbukumbu yake. Alikuwa anasimama chini ya mti mkongwe wa mwaloni, uso kuelekea Torrelina, chemchemi nyuma yake, anahesabu hatua kumi na nne kulia kupanda juu, anasema ni hapa, kisha anatuvuta sikio la kulia. Mimi nilivutwa mwaka 2008. Mwaka 2018 walikuwa wamebaki watoto wanne. Aliwavuta wote kwa nguvu za watoto arobaini.

Tarehe 2 Oktoba mwaka huu walipanda wote: mpima ardhi kutoka mjini na chombo chake cha miguu mitatu, meya wa Torrelina na mwanasheria wa hoteli mwenye viatu vya ngozi laini ya suede, meya wetu, na nusu ya kijiji na sururu mabegani. Shangazi akasimama chini ya mwaloni, akahesabu hatua kumi na nne kulia, akasema wachimbe.

Wakachimba mpaka kiunoni. Mizizi na kokoto. Wakapanua shimo. Kokoto na mizizi.

“Labda mashahidi wenu wamehamia mjini kama vijana wenu,” akasema meya wa Torrelina, na mwanasheria wake akacheka. Wetu nao hawakuwa na aibu. Nilimsikia mmoja wa wanaume waliokuwa wamebeba sururu, na jina lake nalihifadhi kwa heshima ya mkewe, akisema: “Miaka yote hii tunamlipa bibi huyu kwa kazi gani?” Huyo ndiye ambaye Shangazi alimtafutia ng'ombe wake kwenye tufani ya theluji mwaka 2015, yeye akiwa kitandani na mafua.

Mpima ardhi, kijana mpole, akafungua daftari. “Samahani, mama. Bila jiwe wala vipande, inabidi niandike mstari ulionyooka.”

“Andika polepole,” akamwambia Shangazi. Akaketi ukingoni mwa shimo, akatoa kisu, akakata jibini. Kisha akaita: “Honorino! Teremka kwenye hiyo trekta uje univute sikio.”

Mzee Honorino Tascón ana miaka themanini na minane na alikuwa ameletwa juu kwa trekta akiwa amefungwa blanketi kama jibini la kupelekwa sokoni. Mwaka 1968 yeye ndiye aliyekuwa mvutaji, na tangu hapo hakuwahi kupanda nasi.

“Nikuvute sikio mbele ya mwanasheria?” akauliza.

“Kwani siku ile ulimwogopa nani? Simama uliposimama siku ile. Nivute.”

Wakamshika mikono, akakokotwa mpaka chini ya mwaloni. Shangazi akasimama mbele yake, uso kuelekea Torrelina. Mzee akainua mkono wa kushoto, akalishika sikio la kushoto.

“La kulia, mzee wewe!”

“La kushoto.”

“Ni sikio langu, nalijua!”

“Na mkono ni wangu. Mkono wa kulia nilikuwa nimemshika mbwa, yule jike mwekundu, alikuwa anataka kuwarukia watu wa Torrelina, na hakukosea. Nilikuvuta kwa huu wa kushoto. Ukanipiga teke.”

Shangazi akalipapasa sikio lake la kulia. “Basi la kulia lilinivimba kwa nini?” akauliza.

“Gauni ulirudi nalo limechanika. Kamuulize mama yako, Mungu amrehemu, alikupiga kofi la upande gani.”

Hapo ndipo tulipoelewa. Siku ile moja mtoto alipata maumivu mawili, akayachanganya. Na kwa sababu ya kofi la mama yake, kijiji kizima kimekuwa kikipanda mlima kwa miaka karibu arobaini kuvutwa sikio lisilo lenyewe, mahali pasipo penyewe. Alipogeuka kututazama, watu wazima tulioshika masikio yetu ya kulia tulikuwa zaidi ya kumi.

“Nyamazeni,” akasema, ingawa hakuna aliyekuwa ameongea. “Hatua kumi na nne. Kushoto, kuteremka.”

Kwa kina cha mkono mmoja sururu ikagonga kitu kikalia. Shangazi akawafukuza wanaume shimoni, akaingia mwenyewe, akafukua kwa vidole. Vipande vitatu vya kigae, vimekaa kimoja juu ya kingine. Akaviosha kwenye maji ya chemchemi yenyewe, akavipanga juu ya daftari la mpima ardhi bila kumwomba ruhusa. Viliungana. Hata unywele usingepita.

Mwanasheria akasema kigae kinaweza kutoka popote. Mpima ardhi, ambaye nilimdharau asubuhi na ninamwomba radhi hapa, alimtazama viatu, ambavyo kwa wakati huo havikuwa tena vya suede, akasema: “Bwana, ningekuwa wewe ningenyamaza.” Akaandika jiwe la saba mahali pake. Barua yake ya mwisho ilifika wiki iliyopita ikiwa na mihuri mitatu: chemchemi iko Valdecorva. Hoteli watatafuta theluji yao mbinguni, inakotoka.

Wengine wangeficha kosa la miaka karibu arobaini. Shangazi aliliandika mwenyewe kwenye daftari la kijiji, kwa wino, na hatua zimehesabiwa: ishirini na nane kutoka palipokosewa hadi penyewe. Dakta Ansúrez alitumiwa nakala. Hajajibu. Hiyo ndiyo tofauti yao, na ndiyo sababu mmoja ana kijitabu na mwingine ana kijiji.

Nafasi yake haitajazwa. Mkoani wamesema kamera mbili na ramani ya satelaiti zitatosha kulinda mlima. Satelaiti haijawahi kukamua mbuzi, na mtoto hakumbuki kitu kwa kuonyeshwa kioo cha kompyuta. Kwa hiyo baraza limeamua kufanya kazi hiyo kwa zamu, kila kaya mwezi wake, na anayedhani ni mchezo akamuulize Shangazi habari za Februari.

Ndiyo maana sherehe ya Jumapili haitakuwa ukumbini. Tutapanda. Ni msaragambo, kila kaya itoe mtu, nyama kavu na divai ziko kwenye trekta. Meya Ulpiano ameng'oa kizingiti cha babu yake kwa mikono yake, na msalaba ulikuwepo, umegeuziwa chini. Kwa sasa familia yake inaingia nyumbani kupitia tope, na hakuna aliyewaonea huruma. Jiwe litarudi juu ya mashahidi wake, na watoto sita waliobaki kijijini watasimama pale wavutwe sikio la kushoto. Wa kwanza atakuwa binti yangu Nerea, mwenye miaka minne. Baada ya watoto, sisi watu wazima tuliovutwa kimakosa tutapanga foleni tukarekebishwe. Meya atakuwa wa mwisho, na tumekubaliana avutwe yote mawili.

Shangazi Obdulia, ahsante kwa maji. Ahsante kwa kukubali kwamba ulikosea, jambo ambalo kijijini hapa hatujawahi kuliona kwa mtu mwenye cheo. Tunakuombea magoti yasiyouma, kuni kavu, na asubuhi za kulala mpaka jua lifike dirishani. Ila Jumapili usilale. Mvute Nerea kisawasawa, asije akasahau. Atalia, nami nitamshika mkono, wala sitakuzuia. Lozi ninazo mfukoni.