Mzee Hamade Tsunehiko, Mjenzi wa Madaraja Mawili ya Okinose

Mzee Hamade Tsunehiko, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Novemba 1946 mjini Togi, katika rasi ya Noto. Alikuwa mtoto wa pili wa mwashi Hamade Yoshizo na mkewe Tome. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na hata alipokua hakuna aliyeweza kumharakisha.

Alisoma shule ya msingi Togi, kisha shule ya ufundi Nanao, na mwaka 1965 akaingia chuo kikuu Kanazawa kusomea uhandisi. Huko alikonda kwa kukumbuka nyumbani. Mama yake alipomtumia dagaa waliochachishwa kwa pumba za mpunga, wenzake wa bwenini walitupa kopo zima dirishani kwa sababu ya harufu. Alishuka akaliokota, akala peke yake bustanini huku machozi yakimtoka.

Alihitimu mwaka 1969, akaajiriwa na kampuni moja ya ujenzi ya hapa hapa Noto. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa daraja la kisiwa cha Okinose. Kokoto alizichagua mwenyewe: ngumu, za kijivu, zilizotoka mtoni, nzuri hata akaweka moja mezani kwake. Daraja lilifunguliwa mwaka 1972. Siku ile, binti wa mfugaji chaza alimwuliza kama lingemhimili baba yake na magunia yake yote. Tsunehiko akajibu kwamba lingehimili ukoo mzima. Binti huyo alikuwa Okinami Fumie, na walioana tarehe 12 Mei 1974. Walijaliwa watoto wawili, Sayoko na Naoki. Kila Jumapili familia ilivuka daraja kwenda kisiwani kula supu ya chaza kwa bibi, mama yake Fumie.

Mwaka 1986 bibi huyo alimwita pembeni.

"Mkwe, daraja lako linatoa usaha."

"Hao ni shakwe tu, mama. Wanachafua."

"Shakwe gani wananyea chini ya daraja, tena ndani ya nyufa? Njoo uone, acha ubishi."

Akaenda, akaona. Nguzo zilikuwa zimepasuka mistari mistari kama gamba la kobe, na ute mweupe ukitoka. Saruji ina alkali, na zile kokoto nzuri zilikuwa za aina inayogeuka ute zikikutana nayo. Ute hunywa maji, ukavimba, ukapasua zege kutoka ndani. Wakati wa ujenzi hakuna aliyelijua hilo katika kampuni yao, lakini Mzee alilichukua kama kosa lake. Alirudi nyumbani akaitoa ile kokoto mezani.

Mitaani kwetu kuna wanaodhani jivu ni uchafu. Kwa Mzee lilikuwa dawa. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilipojengwa ng'ambo ya ghuba, alikuwa akienda kuomba lile jivu laini linalonaswa kabla ya moshi kutoka. Alirudi mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, na Fumie hakumruhusu kuingia mpaka amempiga ufagio mlangoni. Jivu hilo likichukua nafasi ya sehemu ya saruji, huimeza alkali kabla haijazifikia kokoto. Ila lina tabia moja: zege lake hukomaa polepole, na wakati wa baridi ndiyo kabisa.

Daraja la zamani lilifungwa mwaka 2002. Watu wakawa wanavuka kwa mashua, na Mzee akakabidhiwa kujenga jipya. Kipande cha mwisho kilimwagwa Desemba 2003. Kisiwa kizima kilitaka kuvuka mwaka mpya, na mkuu wa mji alikuwa ameshanunua utepe.

"Mhandisi, zege lako limelala au limekufa?" vijana wa kazi walimtania.

"Limelala. Lifunikeni blanketi, mlimwagie maji, mliache."

Alitangaza kwamba hakuna atakayekanyaga pale kabla ya vipimo kutimia.

Wakati huo Fumie alikuwa mgonjwa wa ini, na daktari alimkataza mashua kwa sababu ya mawimbi. Alitamani kitu kimoja tu: kuingia tena katika nyumba ya mama yake.

"Baba Sayoko, nipitishe kwa miguu. Nikaione nyumba tu, nirudi."

"Bado halijakomaa, mama. Ngoja mwezi wa Aprili, micheri ichanue maua."

"Ama kweli umeoa zege, mimi ni nyumba ndogo."

Walicheka wote wawili. Fumie alifariki tarehe 9 Februari 2004. Daraja lilifunguliwa tarehe 18 Aprili, micheri ikiwa imechanua, na wa kwanza kuvuka alikuwa Mzee, amekumbatia chungu cha mifupa ya mkewe iliyobaki baada ya mwili kuchomwa. Alikizika katika kaburi la ukoo wa Okinami, akasema nafasi ya pembeni ni yake.

Tangu hapo alivuka daraja kwa miguu kila mwezi wa Aprili, akipapasa nguzo na kuinama kutafuta ufa. Hakuupata hata mmoja. Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua, na kiangazi hiki akalazwa Nanao. Alifariki asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2022, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka sabini na sita, mkono wake ukiwa mkononi mwa Sayoko.

Siku chache kabla alimwambia bintiye jambo ambalo hakuwahi kulisema. Fumie alikuwa na kilo arobaini tu, na zege lile, hata halijakomaa, lingembeba. Alilijua hilo siku ile ile alipoombwa. Ila angempitisha mkewe, angemzuiaje mkuu wa mji na gari lake?

"Lingembeba, Sayoko," alisema. "Lingembeba."

Ameacha binti yake Sayoko na mkwewe Hideaki, mwanawe Naoki, wajukuu watatu, dada yake Mitsue, na shemeji yake Kenkichi, nduguye Fumie, ambaye supu ya chaza iko jikoni kwake tangu alfajiri. Baada ya ibada hii na kuchomwa kwa mwili, Sayoko atambeba baba yake kwa miguu kuvuka daraja. Tutamfuata polepole, kama alivyopenda mwenyewe.

Apumzike kwa amani, Mzee wetu. Fumie amengoja vya kutosha.