Bwana Eustace na Kamati Iliyovua Viatu

Tarehe 30 Juni 1998 Bwana Eustace Wilibrodi anastaafu, baada ya kuitumikia Idara yetu ya Ujenzi hapa Sumbawanga kwa miaka thelathini na mmoja. Ishirini na mitano ya kwanza alijenga. Sita iliyobaki amekuwa akitusimulia Japani.

Aliajiriwa mwaka 1967, fundi seremala msaidizi, kijana wa Pito mwenye randa moja na maneno mengi. Mapaa ya shule na zahanati kutoka hapa hadi Kabwe yana mkono wake. Ni moja tu lililowahi kuezuliwa na upepo, na mwenyewe anashikilia kwamba upepo ule haukuwa wa kawaida.

Mwaka 1992 ikaja nafasi moja ya mafunzo Japani. Tulipendekezwa wawili. Mimi nilijisomesha ufundi kwa jasho langu, na kwenye mtihani nilimzidi alama nne. Akaenda yeye, kwa kuwa picha zake za pasipoti zilikuwa tayari. Katika picha hizo amevaa koti langu. Koti hilo limefika Japani. Mwenye koti hajafika hata Dodoma. Tuendelee.

Huko, Jumapili moja, wenyeji waliwapeleka yeye na wanafunzi wenzake kutazama ngome ya kale, ghorofa tano juu ya ukuta wa mawe. Historia yake tunaijua kuliko ya Ufipa. Mtawala mmoja aliijenga miaka kama mia nne iliyopita. Ilipokuja serikali mpya, majumba ya namna hiyo yakapigwa mnada, watu wakabeba mbao. Kilichosalia kikaungua vitani. Baadaye wananchi wakachangishana, wakaijenga upya: nje ile ile, ndani zege na lifti. Mlangoni kila mgeni alivua viatu. Kalista wa masijala aliwahi kumuuliza kitu cha zege kinaitwaje cha kale. Akajibiwa kwamba hata yeye ana meno mawili ya kununua na bado ni Kalista.

Hadithi hiyo tuliichoka hadi mwaka 1996. Wakati huo kila mali ya umma ilikuwa inatafutiwa mnunuzi, na karakana yetu ya useremala ikapata wake: Bwana Limbu, mfanyabiashara wa Majengo, aliyetaka kuibomoa ajenge maduka. Mafundi kumi na wanne tungekwenda nyumbani. Kamati ya kuuza mali hizo ikaja naye kukagua, kwa haraka zake.

Bwana Eustace aliisubiri mlangoni. Kwa amri yake tulikuwa tumefagia tangu alfajiri, hadi msumari wa mwisho. Akawaomba wageni wavue viatu.

"Mzee Eustace, nimekuja kununua kiwanja, sikuja kusali," Bwana Limbu akasema.

"Vua tu, mwanangu. Ukishanunua utaingia na buti."

Mwenyekiti wa kamati alivua kwanza, kwa heshima, na kidole gumba kikachungulia kwenye soksi. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwa mkali. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi imeshika, na sakafu yetu ya saruji mnaijua. Wakasimama juu yake wakionyeshwa kila boriti, nani aliipandisha, na shule zipi zinakalia madawati yaliyotoka humo. Akamalizia na ule mnada wa Japani, na jinsi wajukuu wa waliouza walivyokuja kuchangishana kuijenga upya. Kamati ikaomba viatu vyake, na kabla ya kufunga kamba ikakubali tuipangishe karakana sisi mafundi, kama kikundi, naye awe msimamizi kwa niaba ya Idara. Bwana Limbu alipata kiwanja kwingine. Kaunta na rafu za maduka yake tulizitengeneza sisi, na hakupunguziwa bei.

Mshahara wa serikali tuliachana nao, kazi haikukoma. Wale kumi na wanne ndio walioandaa sherehe hii, nami nikiwamo, na kinyongo changu chote cha alama nne.

Sasa anarudi Pito kulima ulezi na mkewe, Bi Bertilla, ambaye ametuomba tutangaze mbele ya mashahidi kwamba nyumba yao haitaongezwa ghorofa.

Asante, Bwana Eustace. Kesho asubuhi karakana itafunguliwa kama kawaida, na hiyo ndiyo shukrani yetu kubwa kwako. Mapumziko yako yawe mema, na marefu kuliko hadithi zako.