Albina Amefariki

Tuliokuwepo kwenye benchi la nje ya mkahawa wa Zora Jumamosi ile ya Machi ni hawa: Bogomil Štokelj, mstaafu wa reli, tunayemwita Waziri kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea tamko, Karlo Žvokelj, mpiga kengele wa kanisa, tunayemwita Radi, Nevenka Lozej, mwalimu wa shule yetu, ambaye bado hajapewa jina la utani, na mimi. Hakuwepo Venceslav Kompara, ambaye shuleni, enzi Waitaliano walipotutawala, walimwandika Vincenzo na hakuitika hata siku moja. Alikuwa amelazwa hospitali ya Šempeter kwa ugonjwa wa moyo, na mizinga yake alikuwa amemwachia Nevenka, aliyeanza kujifunza ufugaji wa nyuki vuli iliyopita. Upepo wa burja ulivuma hata vikombe vya kahawa tukavishika kwa mikono miwili.

— Asubuhi nimempelekea Mzee Venceslav ujumbe, alisema Nevenka. Nimempa dereva wa basi.

— Ujumbe gani, mwanangu? Radi aliuliza.

— Kwamba Albina amefariki.

Radi akavua kofia.

— Masikini! Hata kuugua hatukusikia.

— Si huyo, Mzee Karlo! Albina mzinga! Nimegonga, kimya kabisa.

Kwetu ng'ombe hufa, mbwa hufa, lakini nyuki hufariki. Anayejifunza nyuki hufundishwa neno hilo kabla ya kufundishwa kuwasha moshi, na Nevenka alilishika vizuri. Tena Venceslav aliipa mizinga yake majina ya wanawake wa ukoo wake. Albina ni dada yake, naye anaishi Trst, ng'ambo ya mpaka, upande wa Italia.

Waziri aliweka kikombe chini.

— Dereva ulimwambia ni mzinga?

Nevenka aligeuka kuitazama barabara ya basi.

— Bibie, nakuuliza.

— Nilimwambia Albina amefariki, basi. Akanipa pole.

— Akakupa pole?

— Na mkono akanishika.

— Yule dereva mpya? Wa kule mjini Ajdovščina? Basi huyo hajui mzinga wala dada! Na mzee moyo wake ni karatasi!

— Ataelewa, Radi alisema. Mfugaji akisikia msiba huwaza nyuki kwanza.

— Wewe unawaza nini kwanza? Kengele?

— Nawaza divai. Lakini wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Yaani nyuki wakinyamaza sana, mzinga hupasuka.

— Hawakusema hivyo!

— Sasa kwa nini umekimbilia kutoa taarifa, mwalimu? Radi aliuliza. Siku moja tu ya kimya!

— Aliniambia nisimfiche kitu, Nevenka alisema. Pigeni simu hospitali, jamani.

— Nyaya zimelala chini tangu jana, nilimwambia.

Waziri alishaanza safari ya maneno.

— Mimi nakwambia atatoroka. Atavaa koti juu ya nguo za wagonjwa, avuke mpaka akamzike dada yake. Askari wa mpaka wataona kitu cheupe kinapita milimani, wapige risasi.

— Wamkose, Radi alidakia. Afike Trst, abishe hodi, Albina mwenyewe amfungulie. Hapo wanaanguka wawili.

— Watatu, na mzinga.

— Mmemaliza? Nevenka aliuliza. Alikuwa ameukunja ukingo wa kitambaa chake cha kichwa hadi vidole vikawa vyeupe.

Radi alikitazama kitambaa hicho.

— Ulipogonga ulikuwa umejifunga hiki?

— Kulikuwa na baridi.

— Na glavu mkononi?

— Ndiyo.

— Mimi kengele zimeniziba masikio, mama. Wewe umejiziba mwenyewe!

Tulikwenda kwenye kibanda cha nyuki, wote wanne. Nevenka alifungua kitambaa, akaweka sikio kwenye ubao wa Albina, nami nikagonga mara moja kwa kifundo cha kidole. Sauti ikapanda ndani kama pumzi ya watu wengi, kisha ikatulia. Nevenka akaketi kwenye majani yenye umande wa baridi.

— Yu hai, alisema. Yu hai, na mimi nimeshamzika kwa mdomo wangu.

Basi lilikuwa likirudi jioni. Tulilisubiri kwenye benchi. Kahawa ilipoa na hakuna aliyeagiza nyingine. Lilipofika, dereva, Silvan Bizjak, alizima mashine na kushuka, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

— Dada, ule ujumbe sikuufikisha.

Nevenka alimshika mikono yote miwili.

— Afadhali! Afadhali, kaka yangu, hujui umeniokoa na nini!

— Muuguzi aliniuliza kama mzee ana ndugu wa kuarifiwa. Wao wanamjua dada mmoja tu, Albina, wa Trst. Nikawaambia wasihangaike kumtafuta, huyo amefariki leo.

— Wamwarifu nini? aliuliza Waziri.

Silvan Bizjak alitutazama mmoja mmoja.

— Sasa wanataka kujua, nani atakuja kumchukua?



Venceslav Kompara alifariki saa tatu asubuhi, kabla basi halijafika Šempeter.