Kashata Nene za Bwana Kibwana

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi, Bwana Kibwana Mwinyimadi, dereva wa gari la wagonjwa la wilaya yetu, anastaafu tarehe 28 Februari 1958. Amechoka, na hafichi. Mgongo umechoka, magoti yamechoka, hata honi ya gari lake ina sauti ya mtu aliyekesha msibani.

Alianza mwaka 1931 na lori la dawa, lililosukumwa zaidi ya kuendeshwa. Mwaka 1950 akakabidhiwa Landrova, tukadhani sasa atapumua. Wapi! Bohari hutupatia seti moja tu ya matairi kwa mwaka, na barabara zetu hazipatani. Kibaha hadi Mlandizi ni mchanga, unaotaka tairi pana, laini, lisichimbe. Vilima vya Kisarawe, hasa njia ya Kibuta, ni udongo mwekundu; mvua ikinyesha, bila tairi lenye meno makubwa, tunayoyaita kashata, gari linarudi nyuma lenyewe. Ukichagua aina moja, upande wa pili unalisubiri gari kwa dua.

Kibwana ni mzaliwa wa Kibuta. Basi kila alipochagua kashata nene, watu wa Mkuza, upande wa mchanga, walisema anapendelea kwao. Watani wake walimuuliza kama matairi hayo ni mahari ya shemeji. Alicheka, lakini yalimwingia.

Mwaka 1953, ili kujikosha, alifunga matairi ya mchanga. Mkuza wakamshangilia. Masika yakaja, na dada yake Mwanahalima akashikwa na uchungu huko Kibuta. Gari liliteleza mlimani, likagoma katakata. Wanaume wakambeba Mwanahalima kitandani, na Kibwana mwenyewe alishika mguu mmoja wa kitanda hadi hospitali ya Kisarawe. Dada alipona. Mtoto hakunusurika. Hakuna aliyemlaumu, hata dada yake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Sisi tuliomwona siku ile tuliumia naye.

Tangu hapo alijiuliza jambo moja tu: ni wapi mgonjwa hana njia nyingine? Gari likizama mchangani, watu hulisukuma, au mgonjwa hupandishwa lori lolote linalopita barabara ya Morogoro. Kibuta wakati wa masika hapiti hata mwenye baiskeli. Waliomsema aliwasikiliza, akawaitikia salamu, kisha akaenda kufunga kashata nene. Masikio nayo yalichoka.

Wiki hii seti mbili zimeegemezwa ukutani mwa karakana, tuchague moja, nyingine irudi bohari. Tulimwomba atuchagulie kwa mara ya mwisho. Alikataa. Alisema anayechagua tairi lazima awe yule atakayekwenda kusimama mbele ya wenye mgonjwa, na yeye amekwisha kusimama vya kutosha.

Basi mimi, Mbaraka Jumbe, ninayepokea usukani, nimechagua kashata nene. Kwetu ni Mlandizi, mchangani kabisa. Ndugu zangu hawajanisalimu tangu jana.

Ahsante, kaka Kibwana, kwa miaka yote hiyo na kwa lawama ulizotubebea. Wenzako wote tunakuombea afya, utulivu na mapumziko mema. Mvua ya masika ikianza, jifunike ulale. Kuamka sasa ni zamu yangu.