Tushasikia, Manuwari

Kijiwe chetu kiko Kisauni, kwenye kona ya njia ya Mwakirunge, palepale malori ya kokoto yanapopunguza mwendo ili yatutilie vumbi vizuri. Benchi ni moja, refu, na ncha yake ya kulia tangu juzi haikaliwi na mtu. Hapo palikuwa pa Mzee Gona. Ujanani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa baharia kwenye manuwari ya Waingereza iliyosindikiza meli za mizigo zisizamishwe na nyambizi, ndiyo sababu tulimwita Manuwari. Kila asubuhi akishika kikombe alianza: “Ile meli yetu, wanangu…” na benchi zima tukamjibu kwa sauti moja: “Tushasikia, Manuwari!” Alicheka, akanywa kahawa yake. Juzi alifariki, umri ukikaribia miaka mia, na kesho anazikwa. Familia imeomba mmoja wetu asimame kaburini aeleze habari za meli hiyo. Mmoja tu. Hapo ndipo vita vilipoanza upya.

— Nitasema mimi, alianza Karisa, tunayemwita Injinia kwa sababu anaendesha mashine ya kusaga mawe machimboni. Meli ni injini, na injini ni mimi.

— Meli ni ushahidi, akadakia Chengo. Huyu ni Wakili, muuza soda nje ya mahakama ya Shanzu, ambaye kwa kusikiza kesi mlangoni amejitunuku digrii. Na ushahidi wataka mtu aliyezoea kusimama mbele za watu.

— Wewe umezoea kusimama mbele za watu na kreti ya soda, akasema Absalom, au Bandari, aliyekuja kutoka bara zamani kupakua mizigo Kilindini na Kiswahili chetu hakijamkubali mpaka leo. Mambo ya meli niachieni. Mimi nimeguza meli na hii mikono yangu.

Mama Mweri, mwenye birika, alikuwa akisuuza vikombe.

— Hebu nambieni, akasema. Hiyo manuwari ilikuwa yapigana, ama yasindikiza tu kama sisi tusindikizavyo bi harusi?

— Yapigana! Injinia akaruka. Ilibeba mapipa ya baruti. Nyambizi ikijificha chini, pipa latupwa, bumu! Mafuta yaelea juu. Walizamisha tatu. Manuwari alinambia mwenyewe, hapahapa.

— Tatu? Wakili akacheka. Siku hiyo ulikuwa umelala. Walizamisha saba. Ya nane ilisalimu amri, wakaifunga kamba, wakaikokota mpaka Kilindini.

— Ikafanywa nini? akauliza Mama Mweri.

— Ikashtakiwa.

— Nyambizi?

— Nyambizi, wallahi. Kuingia bahari ya watu bila idhini. Ikanyimwa dhamana.

Lori likapita. Kila mtu akafunika kikombe chake kwa kiganja, na hakuna aliyenyamaza.

— Nyinyi watu wa Pwani mnapenda hii bahari yenu sana, akasema Bandari, ndio maana hamjui. Hiyo meli ilipandishwa treni.

— Treni?

— Si ndio nawaambia? Ilikatwa vipande, ikapelekwa Kisumu, ikaungwa, ikawa inasindikiza maboti ya samaki ziwani. Adui alikuwa anataka samaki yetu.

— We bwana, Kisumu kuna nyambizi? Injinia akauliza.

— Wewe umewahi kuona nyambizi Kisumu?

— Sijaona.

— Basi si unaona kazi ilifanyika?

Hata Wakili alitafuta kifungu cha sheria akakikosa. Injinia, asiyekubali kushindwa na mtu wa bara, akatutangazia kwamba injini ya manuwari hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye mashine yake ya mawe, na kwamba akiiwasha asubuhi husikia harufu ya chumvi. Wakaniomba mimi niamue nani aseme kaburini. Nikawaambia wote wana hoja, maana wote huninunulia kahawa.

Ndipo akafika mtu tusiyemjua, suruali imejaa madoa ya rangi, kopo mkono mmoja na brashi mkono wa pili.

— Shikamooni wazee. Naitwa Kahindi, fundi wa kuandika vibao, natoka Jomvu Kuu. Nimeitwa na Nyevu, binti wa marehemu, niandike msalaba.

— Marahaba, karibu, akasema Wakili. Andika: Shujaa Aliyekamata Nyambizi.

— Weka na treni, akasema Bandari.

— La, baba. Marehemu aliacha wasia. Chini ya jina lake liandikwe jina la meli, basi. Alisema wenzake waliofia baharini hawana makaburi, na yeye atalala peke yake pahali penye nafasi. Jina la meli likiwa pale, na wao watakuwa na kwao. Jina lake mwenyewe nishaliandika. Sasa, meli iliitwaje?

Lori likapita. Tukafunika vikombe, na sidhani kuna lori lililowahi kukaribishwa hivyo kijiweni petu. Vumbi likatulia. Fundi bado amesimama.

— Lilikuwa jina la Kizungu, Injinia akasema polepole. Refu.

— Halikuwa refu, akasema Wakili. Lilikuwa la ua. Ama la mto.

— Ilianza na B, akasema Bandari. Ama hiyo nimeisoma kwa lori saa hii.

— Mama Mweri, si ulikuwapo kila siku?

— Mimi nilikuwa namimina kahawa. Kusikiza ilikuwa kazi yenu.

— Kwani Nyevu mwenyewe hajui? nikauliza.

— Nilimuuliza, fundi akajibu. Asema mzee nyumbani hakuwa akitaja habari za vita. Wakimuuliza alikuwa akiwaambia: nendeni kijiweni kwa wenzangu, wao wamesikia yote.

Niliona haya, na nikaona wenzangu nao wanaangalia ndani ya vikombe. Kahawa ilikuwa imepoa.

— Mwandikie Manuwari tu, Wakili akajaribu. Sote twamjua kwa jina hilo.

— Hiyo ni meli yoyote, akasema Mama Mweri.

Fundi akatazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Akaiona ncha ya kulia ya benchi, akakaa, akaweka kopo lake katikati ya miguu.

— Msiwe na haraka, wazee, akasema. Niko hapa mpaka jioni. Nielezeni tangu mwanzo. Mimi sijasikia.