Mwalimu Tena, Mama Yangu

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mwanamke mmoja. Alikuwa mwanamuziki. Alikuwa mwalimu. Alikuwa mama yangu.

Narudia hilo la mwisho, maana nimeligombania asubuhi hii hapa hapa studio. Mwenzangu anayeandaa kipindi alikuwa ameniandikia kwenye karatasi, "mama yetu sote." Nikachukua kalamu nikafuta. Yetu na nani? Mimi nimezaliwa peke yangu. Sina kaka, sina dada. Mama alikuwa wangu.

Mnanijua. Miaka kumi na sita kila Jumanne saa nne asubuhi nawaletea kumbukumbu za watu waliotutoka, na huwa nawasifia bila hiana. Leo mtanivumilia. Leo nitamkumbuka mtu ambaye maisha yangu yote nilimwonea wivu, na kama mtanisikia nimenuna, basi jueni nimenuna kweli.

Alifariki siku ya Alhamisi, karibu wiki tatu zilizopita, hospitalini. Alikuwa na miaka sabini na minne. Siku ya maziko walikuja wanafunzi wake, wazee kwa vijana, hata sikuwahesabu. Wote wanalia "mama, mama." Nilikuwa nimesimama mbele, mahali pa mtoto wa marehemu. Bwana mmoja mwenye miwani akanishika bega kwa upole, akaniambia, "Samahani dada, sogea kidogo, wanafunzi wake wapite." Nikasogea! Kwenye maziko ya mama yangu mwenyewe.

Haya. Tuanze mwanzo.

Mama alikuwa mpiga kodiani. Kodiani ni kile kinanda cha kubeba kifuani. Upande mmoja kina vibonyezo, na katikati kina mvukuto, ile sehemu inayofunguka na kukunjana kuingiza hewa. Ni kitu kizito. Mama alikuwa mwembamba, mabega kama ya mtoto, lakini alikibeba jukwaani miaka kumi na mmoja. Katika bendi ile ya watu tisa, mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Mama yangu mdogo, yaani mdogo wake, anakumbuka: "Mimba ya miezi minane bado anapanda jukwaani! Kodiani ameiegemeza juu ya tumbo, na wewe umo ndani. Siku moja wimbo umefika katikati, ukapiga teke, kodiani ikatoa sauti yake yenyewe. Ukumbi mzima ukashangilia."

Wasikilizaji, hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho mimi kushangiliwa kwa muziki.

Nilipozaliwa akaacha bendi. Akaenda kufundisha muziki shule ya msingi, akafundisha miaka thelathini na mmoja. Jioni alifundisha nyumbani, sebuleni kwetu, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Alikaa kwenye kiti cha mbao, mkononi ana mwiko, anagonga mapigo kwenye mkono wa kiti. Mkono ule umeliwa na mwiko mpaka umeingia ndani. Wageni wakiuliza, baba alikuwa anawajibu, "Mchwa wetu anasoma noti."

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, maana ndilo lenyewe. Mama alikuwa na neno moja. Ukimaliza kupiga, alisema, "Tena." Ukirudia, "Tena." Mtoto anatokwa jasho, vidole vinauma, "Tena." Ndiyo maana mji mzima walimwita Mwalimu Tena.

Mimi hakuniambia. Nilianza kujifunza nikiwa na miaka saba. Nilipiga wimbo wangu wa kwanza hadi mwisho. Mama akatabasamu, akanipapasa kichwa, akasema, "Vizuri, mwanangu. Inatosha." Nikaenda shuleni kifua mbele. Wenzangu wanarudishwa mara sita, mimi mara moja tu nimemaliza! Nilitamba miaka miwili, wasikilizaji. Miaka miwili mizima nilitembea nikijiona bingwa.

Kisha akaja binti wa seremala. Tulikuwa umri mmoja, miaka tisa. Baba yake alikuwa na karakana mtaa wa nyuma, na yeye alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Nilisimama nyuma ya pazia la jikoni kumsikiliza. Alipiga vibaya! Alipiga kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye begi. Mama akasema, "Tena." Nikaziba mdomo nisicheke. "Tena." Mara ya tano, mara ya sita. Nikasema moyoni, masikini, huyu hana lake.

Somo likaisha. Mama akaja jikoni, macho yanang'aa. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yale kabla ya siku hiyo. Akamwambia mama mdogo, "Yule mtoto ana sikio." Mama mdogo akamuuliza, "Mbona umemtesa hivyo?" Mama akajibu, "Asiye na kitu simsumbui. Mwenye kitu namrudisha mpaka akitoe."

Nami nipo pale pale, nimeshika kikombe. Asiye na kitu simsumbui. Nikaelewa yote kwa mpigo mmoja. Roho iliniuma, nikaenda kulala jua halijazama, mtu mzima wa miaka tisa.

Tangu siku ile nilimwonea wivu binti wa seremala kwa kila kitu. Nilihesabu zile "tena" zake. Akipata kumi na nne jioni moja, sili vizuri. Nilimchukia kwa nyusi zake. Mama alimpa kiti changu, chai yangu na saa zake mbili za jioni. Mimi nilipewa "vizuri, mwanangu" nikienda, "vizuri, mwanangu" nikirudi.

Na sasa nawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Tulipokuwa na miaka kumi na miwili, shule ilikuwa inafunga, wazazi wamealikwa, na binti wa seremala alichaguliwa kupiga peke yake kwa kodiani ya mama. Asubuhi ile nilichukua sindano ya kushonea magodoro, nikatoboa mvukuto. Tundu moja, kwenye kona.

Jioni akapanda jukwaani. Akavuta. Kodiani ikapiga mluzi, fyuuu. Watu wakacheka. Mimi nimekaa mstari wa pili, nafurahi hadi vidole vya miguu. Yeye akasimama kidogo, akalitafuta lile tundu kwa kiganja, akaliziba kwa kiwiko cha mkono wa kushoto, akaanza upya. Kwa kuwa kiwiko kimebanwa, hakuweza kuvuta kwa nguvu. Akapiga polepole. Wimbo wa kuchezeka ukawa wa kukufanya umkumbuke mtu wako. Mwalimu mkuu akavua miwani akajifuta machozi. Nilitaka aaibike, wasikilizaji wapendwa, na mimi ndiye niliyemfanya apige vizuri kuliko siku zote.

Nyumbani mama aliligeuza lile tundu kwenye mwanga. Akanitazama. Akachukua mkasi, akaenda nyuma ya mlango palipotundikwa gauni langu la njano, nililolipenda kuliko nguo zote, akakata kipande kwenye pindo. Akakipaka gundi, akakibandika. Kiraka cha njano kwenye mvukuto mweusi. Nililia kwa ajili ya gauni. Nilijua ni adhabu yangu.

Miaka sita baadaye binti wa seremala akachukuliwa na bendi. Mama akampa kodiani ile. Akampa! Si kumwazima. Nilimnunia mama miezi minane. Nikahama nyumbani, nikapata kazi ya redio, nikajifanya nimesahau. Kila nilipomsikia binti yule akipiga kwenye kipindi cha muziki, nilikuwa napunguza sauti. Mafundi mitambo hapa ni mashahidi.

Mama alipougua, nilikwenda kila siku baada ya kazi. Nikifika, nani amekaa kando ya kitanda? Yeye. Amemletea chai ya chupa, amemkata kucha. Nilimsalimia kwa meno.

Sasa jana, wasikilizaji, binti wa seremala alikuja nyumbani kwa mama. Na yeye ni mtu mzima sasa, ana mvi kuliko mimi, na hilo halikuniudhi. Alikuwa amebeba kodiani ya mama. Akaiweka juu ya kile kiti cha mbao sebuleni.

Akasema, "Nimeirudisha."

Nikamwambia, "Alikupa wewe. Kaa nayo."

"Alinipa mimi, ndiyo. Lakini hebu itazame." Akaufungua mvukuto. Kiraka kile cha njano bado kipo. "Hata ala aliyonipa ilikuwa imevaa gauni lako. Miaka yote hii naipiga, nakuona wewe. Unajua nilivyokuwa nakuonea wivu?"

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Wewe? Unionee mimi?"

"Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Nakuja hapa, naambiwa 'tena, tena, tena' mpaka vidole vinavimba. Wewe unapita, unapiga ovyo, halafu, 'Vizuri, mwanangu.' Mwanangu! Ikifika saa kumi na mbili anafunga kodiani, ananiambia niende, wakati wa mwanawe umefika. Aliacha bendi kwa ajili yako. Nilikuwa nasimama pale nje ya dirisha nawaona mnakula."

Nikamvutia kiti kingine.

Akakaa. Akasema, "Kuna jambo nimekuficha. Jumanne ile, siku mbili kabla hajafariki. Nilimpigia wimbo kwa sauti ya chini, nesi aliniruhusu. Nikamaliza, nikasubiri aseme neno lake. Mwalimu akanishika mkono, akasema, 'Vizuri, mwanangu. Inatosha.'"

Alilia pale, na mimi nikamwacha alie. Nilijua vizuri maumivu ya neno lile. Lakini pia nilijua alikuwa amelisubiri karibu miaka arobaini, lile neno la katikati. Mwanangu. Wivu ukanirudia, siwafichi.

Akaendelea. "Halafu saa nne ikafika, akaniambia niwashe redio. Ulikuwa unamkumbuka yule mpiga pasi. Alisikiliza hadi mwisho, macho amefumba, kidole kinagonga shuka. Ulipomaliza akasema, 'Tena.'"

Nikamuuliza, "Alisema nini?"

"Alisema, 'Tena.' Nikamwambia, Mwalimu, hii ni redio, hairudii. Akanikasirikia kama zamani. Akasema, 'Mwambie arudie. Anaweza.' Nami sikukuambia. Ulikuja jioni ile, nikakupisha kiti, nikaondoka. Wiki tatu nimenyamaza. Neno lile lilikuwa langu. Kwa nini akupe na hilo?"

Nilitaka kumfokea. Wiki tatu! Na mama alikuwa bado hai siku ile, ningeweza kuinama sikioni mwake nikarudia kipindi chote, neno kwa neno, tangu salamu. Nilifungua mdomo. Nikaiona sindano ya magodoro. Nikaufunga.

Nikamwambia, "Ule mvukuto, ni mimi niliyeutoboa."

Akasema, "Najua. Nani mwingine?"

Tukacheka, wasikilizaji. Si kicheko kirefu. Kisha nikamwomba apige, akapiga, na nilipomaliza kusikiliza sikumwambia vizuri. Nilimwambia neno la mama. Akarudia.

Wasikilizaji wapendwa, alikuwa mpiga kodiani kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na mmoja. Natoa pole kwa mama yangu mdogo, ambaye amebaki na hadithi zote na hana wa kuzithibitisha. Natoa pole kwa shule yake, kwa wanafunzi wake, na kwa yule bwana mwenye miwani, ambaye nimemsamehe nusu. Natoa pole kwa binti wa seremala, anayenisikiliza sasa hivi akiwa sebuleni kwetu, na kodiani anaondoka nayo. Gauni langu pia.

Nanyi mnaosikiliza, fikirini leo kama kuna ujumbe wa mtu mmeukalia kwa sababu ya kijicho. Mpelekeeni mwenyewe, aliyeutuma angali hai. Mimi wangu ulinifikia siku kumi na nane tangu mama alipotuacha.

Bado nina wivu. Haujaisha kwa jana moja. Lakini niliagizwa nirudie, na dakika moja ninayo. Mwenzangu, nipe ile karatasi yako ya asubuhi. Ndiyo, hiyo niliyoifuta.

Tena.

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mwanamke mmoja. Alikuwa mwanamuziki. Alikuwa mwalimu. Alikuwa mama yetu.